Mshipa Ukituna, Tazama Umetuna Wapi

Maswali ya wasomaji na majibu ya daktari

Kati ya barua zilizonifikia tangu mvua za masika zianze, tano zinahusu jambo moja, ingawa walioziandika hawajuani: mishipa ya damu inayoonekana juu ya ngozi, au iliyotuna kama kamba. Nimeziweka pamoja kwa kuwa msomaji mwenye mishipa mguuni na msomaji mwenye mishipa tumboni wanaweza kutumia maneno yale yale kueleza hali mbili ambazo hazilingani hata kidogo kwa uzito. Aidha, katika Kiswahili chetu neno mshipa lina kazi nyingi. Mtu akisema mshipa umemshika, huenda anazungumzia msuli, neva au hata ngiri. Hapa nazungumzia vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni. Vena zina kuta nyembamba na nyingi hupita karibu na ngozi, hivyo damu ikikwama au ikirudi nyuma, ndizo zinazoonekana kwanza.

SWALI: Daktari, pokea salamu zangu. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina umri wa miaka 38, na kwa miaka 11 nimefanya kazi katika banda la kupangia maua hapa Naivasha, ambako tunasimama tangu asubuhi hadi jioni. Baada ya mimba ya pili nilianza kuona mishipa ya kijani na zambarau ikijipinda nyuma ya goti na kushuka kwenye shavu la mguu wa kushoto. Sasa jioni miguu huwa mizito, usiku hukakamaa, na juu kidogo ya kifundo, upande wa ndani, ngozi imegeuka kahawia na inawasha. Mama yangu alikuwa nayo pia. Jirani mmoja anasema huu ni mwanzo wa matende, na mwingine anataka nikachanjwe ili damu chafu itoke. Nifanye nini?
Mama wa Watatu, Naivasha, Kaunti ya Nakuru

JIBU: Dada yangu, nianze na majirani, kwa sababu ushauri wao utakuwa umekufikia mara nyingi kabla ya wangu. Matende husababishwa na minyoo midogo ya filaria inayoenezwa na mbu, na hapa Kenya makao ya ugonjwa huo ni ukanda wa pwani. Minyoo hiyo huharibu njia za limfu, mguu ukavimba na ngozi ikawa ngumu na nene. Wewe unaeleza vena zilizojipinda, na hilo ni jambo jingine. Kuhusu kuchanjwa, nakusihi usikubali. Damu iliyomo katika mishipa hiyo ni damu yako ile ile, iliyochelewa njiani, nayo imo chini ya shinikizo kubwa. Wembe ukiipata, itatoka kwa wingi na kwa ghafla, kisha kitabaki kidonda mahali ambapo ngozi tayari imedhoofika.

Ili uelewe kilichoharibika mguuni, fanya jaribio dogo ambalo daktari Mwingereza William Harvey alilichapisha mwaka 1628. Teremsha mkono wako mpaka vena za kigasha zijitokeze. Chagua moja iliyonyooka, ibonyeze kwa kidole kimoja upande wa kiganja, kisha kwa kidole cha pili isukume damu iliyomo kuelekea kwenye kiwiko, na uinue kidole hicho cha pili huku kile cha kwanza kikibaki pale pale. Utaona kipande cha mshipa kimelala bapa kama mfereji uliokauka, na mwisho wake juu pana kifundo kidogo ambapo damu imesimama bila kurudi. Ukiinua kidole cha kwanza, mshipa utajaa papo hapo kutoka chini. Kifundo kile ni vali, yaani mlango mdogo unaofunguka kuelekea upande wa moyo tu. Vena za miguu zina vali nyingi za namna hiyo, na katika mguu wako wa kushoto baadhi yake hazifungi tena sawasawa, hivyo damu iliyokwisha kupanda hushuka tena na kuzitanua vena za chini mpaka zikarefuka, zikakosa nafasi na kuanza kujipinda.

Vali za miguuni zina kazi nzito kwa sababu damu hupanda zaidi ya mita moja kutoka kwenye unyayo hadi moyoni. Mtu akisimama tuli, shinikizo katika vena za unyayo hukaribia milimita 90 za zebaki. Akitembea, misuli ya mashavu ya miguu huzikamua vena za ndani kwa kila hatua, na iwapo vali ni nzima shinikizo hilo hushuka hadi 30 au chini yake. Kusimama pale pale kwenye meza ya kupangia maua kwa saa nane, kwa hiyo, ni mzigo mkubwa kwa vena kuliko kutembea kwa muda huo huo. Mimba nazo zimechangia: ujazo wa damu mwilini huongezeka kwa karibu nusu, homoni hulegeza kuta za vena, na mji wa mimba huzibana vena za nyonga. Tena umerithi, kama ulivyosema mwenyewe. Usijilaumu kwa lolote kati ya hayo.

Katika barua yako, neno lililonisimamisha ni kahawia. Mishipa iliyojipinda bila dalili nyingine huweza kukaa miaka mingi bila kuleta madhara makubwa, na wapo wanaotaka itibiwe kwa ajili ya sura ya mguu tu, jambo ambalo ni haki yao. Rangi ya kahawia juu ya kifundo, pamoja na muwasho, ni habari tofauti. Hayo ni madini ya chuma yaliyobaki ngozini baada ya chembe nyekundu za damu kuvuja kutoka katika vijishipa vilivyolemewa. Baada ya hapo ngozi huweza kuwa ngumu na yenye kung'aa, na hatimaye gonga dogo tu la ukingo wa kitanda likaanzisha kidonda ambacho kinakaa miezi au hata miaka. Nimeona vidonda vya aina hiyo vikipakwa majivu, dawa ya meno na unga wa vidonge vya antibiotiki, huku mwenye kidonda akiwa hajaambiwa hata siku moja kwamba tatizo liko katika vena. Wewe hujafika huko, na ndiyo maana nataka uende hospitali sasa.

Nenda katika kliniki ya upasuaji ya hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Nakuru, ukaombe kipimo cha ultrasaundi ya Doppler, ambacho huonyesha damu inavyokwenda ndani ya vena na vali zipi zinavuja. Hakina sindano wala maumivu. Vali zikionekana kuwa mbovu, siku hizi yapo matibabu yasiyohitaji upasuaji mkubwa: vena mbovu huunguzwa kutoka ndani kwa leza au kwa mawimbi ya redio, au hudungwa dawa ya povu inayoifunga. Mwongozo wa tiba wa Uingereza wa mwaka 2013 unaitanguliza njia ya joto, ukafuatisha povu, halafu upasuaji wa kuitoa vena. Hapa kwetu mpangilio hutegemea pia mashine zilizopo na uwezo wa mfuko, na upasuaji wa kawaida uliofanywa vizuri bado ni tiba ya kweli. Usihofu kwamba damu itakosa njia, kwani sehemu kubwa ya damu ya mguu hupita katika vena za ndani kabisa, si katika hizi zinazoonekana.

Wakati unasubiri, tafuta soksi za kubana zilizochaguliwa baada ya mguu wako kupimwa. Zinazotumika mara nyingi ni zenye nguvu ya milimita 20 hadi 30 za zebaki. Zivae asubuhi kabla miguu haijavimba, uzivue wakati wa kulala. Soksi haziziponyi vali. Zinashikilia hali isizidi na kupunguza uzito wa miguu. Mwenye kisukari, mvutaji sigara wa miaka mingi, au mtu ambaye miguu yake ni baridi na huuma anapotembea, asizivae kabla ateri zake, yaani mishipa inayotoa damu moyoni, hazijapimwa, kwa maana akizivaa anaweza kuinyima miguu damu inayoshuka. Ukiwa kazini, jiinue kwa vidole vya miguu na kushuka, mara ishirini hivi, kila unapopata nafasi. Ukifika nyumbani, lala chali ukiwa umeegemeza miguu kwenye mito au ukutani, juu ya usawa wa moyo, kwa robo saa. Namwomba pia msimamizi wa banda lenu, kama atasoma ukurasa huu, awaruhusu kukaa au kutembea kidogo kila baada ya saa moja. Hilo halina gharama.

Usijifunge kitambaa wala mpira. Mama mmoja muuza omena wa Kisumu alikuja kwangu akiwa amevaa sketi ndefu, na alipoiinua niliona ukanda wa tyubu ya baiskeli umefungwa chini ya goti, umekaza mpaka umechimba mfereji kwenye nyama. Chini ya ukanda ule mguu ulikuwa wa samawati na umevimba maradufu ya mwingine. Alikuwa ameambiwa kwamba ukanda ungeizuia damu isishuke, kumbe ulikuwa unaizuia isipande. Nilipoukata alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mtungi kichwani.

Mambo mawili hayangoji miadi. La kwanza ni mshipa kupasuka: lala chini mara moja, inua mguu juu, na ubonyeze mahali penyewe kwa kitambaa safi kwa dakika kumi au zaidi bila kuchungulia, kisha utafute huduma. La pili ni mguu mmoja kuvimba kwa ghafla, ukawa na joto na maumivu kwenye shavu au pajani, hasa baada ya kujifungua, upasuaji, safari ndefu ya basi, au kwa mwanamke anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni. Huenda damu imeganda katika vena ya ndani, na bonge likikatika huenda hadi mapafuni. Mtu huyo akianza kuhema au kuumwa kifua, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

SWALI: Nina umri wa miaka 24, nafanya kazi ya mjengo na jioni nanyanyua vyuma. Mishipa ya mikono yangu imejitokeza sana mpaka wenzangu wananiambia nina presha. Je, ni kweli?
Kijana wa Kakamega

JIBU: La, ndugu yangu. Presha tunayopima ni ya ateri, na haizifanyi vena za mikono zitune. Misuli yako imekua na kuzisukuma vena karibu na ngozi, mafuta chini ya ngozi ni machache, na mwili wenye joto huzifungua zaidi ili kujipoza. Inua mkono juu ya kichwa, na vena hizo zitanywea, na hiyo ni dalili njema. Wazee nao huonyesha vena mikononi kwa sababu ngozi yao imekonda. Presha ipime hata hivyo, kwani haina dalili ya kuonekana kwa macho na kipimo ni cha dakika chache. Jambo la kukupeleka kwa daktari ni mkono mmoja tu kuvimba na kubadilika rangi baada ya kunyanyua vyuma, kwa kuwa damu huweza kuganda katika vena ya begani.

Nikiwa hapo, niwaombe wasomaji jambo moja. Mkiona mtu mwenye mshipa mnene sana mkononi, unaotetema ukiguswa, yaelekea ni mgonjwa wa figo ambaye madaktari wameunganisha ateri na vena yake ili asafishiwe damu. Mkono huo haupimwi presha, haudungwi sindano ovyo, wala haubebeshwi mzigo. Ndiyo njia yake ya kuishi.

SWALI: Daktari, naandika kwa ajili ya mdogo wangu. Ana umri wa miaka 34, naye ni mvuvi wa Usenge tangu utotoni. Tumbo lake limejaa, hasa upande wa kushoto chini ya mbavu, na mishipa imetokeza kuzunguka kitovu. Mwezi uliopita alitapika damu nyingi, akapewa dawa za vidonda vya tumbo, akapata nafuu. Hanywi pombe. Wazee wanasema ni chira, yaani laana, kwa kuwa alijenga boma bila kufuata desturi. Nimebaki njia panda.
Kaka Mkubwa, Siaya

JIBU: Ndugu, barua yako nimeisoma mara mbili, na kabla ya maelezo yoyote nakuomba umpeleke mdogo wako hospitali ya rufaa wiki hii, na akitapika damu tena au akitoa kinyesi cheusi chenye kunata kama lami, asingoje hata saa moja. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu hupokea wagonjwa wa aina hii. Mambo ya boma na wazee mwaweza kuyamaliza kwa heshima yake, lakini yafuate nyuma ya safari hiyo.

Vena zinazozunguka kitovu, wengu uliokua upande wa kushoto, na kutapika damu, vikikutana kwa mtu mmoja huelekeza kwenye vena moja kubwa iliyojificha, ile inayokusanya damu kutoka matumbo na wengu na kuipeleka katika ini. Karibu robo tatu za damu inayoingia katika ini hupitia huko. Ini likijaa makovu, damu hukosa mahali pa kupita, nayo hutafuta vichochoro: hupitia vena ndogo za kitovu, na vilevile vena za mwisho wa umio, karibu na tumbo. Zile za kitovu unaziona na hazina hatari kubwa. Za umio huzioni, na ndizo zilizompasukia mwezi uliopita, kwa kadiri ninavyoweza kuhukumu kutokana na barua. Dawa za vidonda vya tumbo hazizitibu.

Makovu hayo yanatoka wapi kwa mtu asiyekunywa pombe? Kandokando ya ziwa letu la Viktoria, jambo la kwanza kufikiria ni kichocho cha matumbo. Konokono wadogo wa majini hutoa viluwiluwi visivyoonekana kwa macho, navyo hupenya ngozi ya mtu anayevuta nyavu, anayeoga, anayefua au mtoto anayechezea ufukweni. Viluwiluwi hivyo hukua kuwa minyoo inayoishi ndani ya vena za matumbo kwa miaka mingi, jike likitaga mayai mamia kwa siku. Mayai mengine hutoka na kinyesi. Mengine hubebwa na damu hadi katika ini, yakakwama humo, na mwili ukayazungushia makovu. Anayeingia ziwani tangu utotoni ameishi na hali hiyo miaka na miaka kabla ya tumbo kujaa. Watoto wa shule katika maeneo yenye kichocho hupewa dawa katika kampeni za minyoo, ila wavuvi watu wazima mara nyingi hukosa.

Isitoshe, lazima apimwe homa ya ini aina ya B. Chanjo yake iliingia katika ratiba ya watoto wachanga nchini mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mtu wa miaka 34 alizaliwa kabla ya hapo. Daktari atapima kinyesi, damu, ultrasaundi ya ini na wengu, kisha endoskopi, yaani kupitisha mrija wenye kamera mdomoni ili azione vena za umio na kuzifunga kwa vipira vidogo zisipasuke tena. Atafanya pengine jaribio lile lile la kidole nililomweleza dada wa Naivasha, safari hii kwenye tumbo: damu ya vena zilizotuna ikikimbia kutoka kitovuni kwenda pande zote, kizuizi kiko kwenye ini, ikipanda yote kuelekea kifuani hata ile ya chini ya kitovu, kizuizi kiko katika vena kuu ya tumbo, na uchunguzi utafuata njia nyingine.

Kama ni kichocho, prazikwanteli, ambayo hutolewa kwa uzito wa mwili, miligramu 40 kwa kila kilo, itaua minyoo. Haitafuta makovu yote ya zamani, kwa hiyo vena zitaendelea kuangaliwa, na huenda akapewa propranololi ya kupunguza shinikizo. Kuna faraja moja hapa: katika kichocho, ini mara nyingi huendelea kufanya kazi yake vizuri hata likiwa na makovu, na mgonjwa ambaye vena za umio zimedhibitiwa huweza kuishi na kufanya kazi. Kwa sasa asimeze ibuprofeni, diklofenaki wala aspirini kwa maumivu yoyote, na asiguse chang'aa hata kwa kusindikizia wageni. Watoto wenu wanaoteka maji ufukweni wapimwe pia.

SWALI: Mimi ni mwendesha bodaboda, miaka 29, nimeoa mwaka wa nne na hatujajaliwa mtoto. Kwenye kifuko cha korodani upande wa kushoto nahisi mishipa mingi kama minyoo iliyojikunja, na jioni panakuwa pazito. Naona aibu kumwonyesha mtu. Je, ni pikipiki? Na je, ndiyo sababu ya kukosa mtoto?
Mume, Bungoma

JIBU: Ndugu, umefanya vyema kuandika, na daktari utakayemwona ameisikia habari hii mara nyingi. Hali hii huitwa varikoseli. Wanaume wapatao 15 kati ya 100 wanayo, wengi wao wakiwa na watoto na wasijue kwamba wanayo. Miongoni mwa wanaume wanaotafuta mtoto bila kufanikiwa hufika kama 35 kati ya 100. Pikipiki haikuileta. Hutokea zaidi kushoto kwa sababu ya maumbile: vena ya korodani ya kushoto hupanda mbali na kuingia katika vena ya figo kwa pembe mraba, hali ile ya kulia huingia moja kwa moja katika vena kuu kwa mteremko mwema. Damu iliyotuama huongeza joto la korodani, na mbegu za kiume hazistawi katika joto.

Iwapo ndiyo sababu ya kukosa mtoto, mimi siwezi kusema, wala wewe, mpaka mbegu zako zipimwe na mke wako apimwe. Nasisitiza nyote wawili, kwa kuwa nimewaona wake wengi waliozungushwa kliniki kwa miaka huku mume hajapima hata mara moja, na maneno ya mashemeji yakimwangukia mke peke yake. Kipimo cha mbegu kikiwa si kizuri na varikoseli ikishikika kwa mkono, upasuaji mdogo wa kuzifunga vena hizo huwasaidia wengi. Mbegu huchukua karibu miezi mitatu kutengenezwa, hivyo matokeo hayapimwi wiki ya pili.

Leo ukilala chali, gusa tena. Zikinywea, ni kawaida ya varikoseli. Ingekuwa upande wa kulia pekee, au imetokea kwa ghafla na hainywei ukilala, ningetaka figo zitazamwe kwa ultrasaundi bila kuchelewa, maana uvimbe wa figo huweza kuziba njia ya vena. Na maumivu makali ya ghafla ya korodani ni dharura ya saa chache, hata kwa kijana asiye na mishipa yoyote.

SWALI: Daktari, mkaza mwanangu ana umri wa miaka 26, alijifungua salama miezi miwili iliyopita. Tangu wiki tatu hivi miguu yote imevimba, akilala chali anakosa pumzi, kwa hiyo analala ameegemea mito, na mishipa ya shingo imetuna hata akiwa ameketi. Watu wanasema ni uchovu wa kulea na kukosa damu. Nimpe mboga za aina gani?
Nyanya wa Mtoto, Kisii

JIBU: Mama, barua hii sikungoja ichapishwe. Namba uliyoiandika chini niliipigia siku ile ile, na sasa mkaza mwana wako yuko wodini anatibiwa. Naijibu hapa kwa idhini yenu, kwa sababu najua yuko mzazi mwingine analala ameegemea mito usiku wa leo.

Vena za shingo ni kipimo cha moyo kilichowekwa mahali pa wazi. Zinashuka moja kwa moja hadi chumba cha kulia cha moyo, na kimo cha damu ndani yake huonyesha shinikizo la chumba hicho. Kila mtu hutuna shingo akilala bapa, akiimba kwa nguvu au akinyanyua gunia, na hilo halina ubaya. Aliyeketi ametulia, vena zikasimama mpaka karibu na taya, damu yake inasubiri nje ya moyo usioweza kuipokea. Ukiongeza miguu iliyovimba na kukosa pumzi akilala, moyo umeshindwa kusukuma. Mboga zenye madini ya chuma ni nzuri kwa kila mzazi, lakini haziwezi kuondoa maji yaliyojaa mapafuni.

Kwa mwanamke aliyejifungua, kuna ugonjwa wa misuli ya moyo unaojitokeza kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba hadi mwezi wa tano baada ya kujifungua, hata kwa yule ambaye hakuwa na shida ya moyo hapo nyuma. Unapuuzwa kwa urahisi kwa sababu kuchoka na kuvimba miguu ni mambo tunayoyazoea kwa wazazi. Sababu nyingine ni vali za moyo zilizopata makovu kutokana na maambukizi ya koo ya utotoni yasiyotibiwa, ambazo huficha madhara yake mpaka mimba iongeze kazi. Ultrasaundi ya moyo, ambayo wengi huiita eko, ndiyo hutofautisha. Mahali pengine kifua kikuu hukaza mfuko unaouzunguka moyo na kuleta shingo ile ile iliyotuna. Na kama uso na mikono ndivyo vingekuwa vimevimba badala ya miguu, na vena zimetapakaa kifuani, ningetafuta uvimbe ndani ya kifua unaobana vena kuu ya juu.

Wengi miongoni mwa wanawake wenye ugonjwa huu wa baada ya kujifungua hupata nafuu kubwa kwa dawa za kutoa maji na za kuusaidia moyo, na baadhi hupona kabisa baada ya miezi kadhaa. Akiruhusiwa kurudi nyumbani, asiache dawa siku atakayohisi vizuri, bali siku daktari atakayomwambia. Amwulize daktari kuhusu kunyonyesha, kwa kuwa dawa zinaweza kuchaguliwa kulingana na hilo, na aanze mpango wa uzazi mapema kwa njia isiyo na estrojeni, maana mimba nyingine inaweza kuurudisha ugonjwa kwa ukali zaidi. Mama, kazi utakayomsaidia zaidi ni ndogo: mpime uzito kila asubuhi kabla hajala, uandike namba kwenye daftari. Ukiona umepanda kilo mbili au zaidi ndani ya siku tatu, maji yanarudi, naye arudi hospitali siku hiyo, na daftari alibebe.